Maombolezo ya Mgawa Maji

Kila asubuhi, kabla jua halijavuka mgongo wa mlima, Begaim aliamshwa na mlio wa jembe likigonga jiwe. Alikuwa ni Babu Kadirkul huyo, anafungua mfereji. Begaim angevuta blanketi kichwani aibe usingizi kidogo, kisha angesikia maji yakipita chini ya dirisha, na sauti ya Bibi Sonun kutoka jikoni: "Begaim! Chai iko tayari, na mkate hautakujia kitandani!"

Babu Kadirkul alikuwa baba mzazi wa Bibi Sonun. Bibi Sonun naye ndiye aliyemlea Begaim, kwa kuwa mama yake alikuwa akiuza nguo sokoni kule mji mkuu. Basi nyumba yao ilikuwa na watu watatu: mzee sana, mzee kidogo, na msichana wa darasa la sita.

Kazi ya Babu ilikuwa kugawa maji. Ak-Terek ni mji mdogo wa Wakirgizi, na mvua yake si ya kutegemea. Maji hutoka kwenye theluji ya milimani, yakashuka kwa mfereji mkubwa, kisha yakaingia kila mtaa kwa mifereji midogo yenye vibao vya kufungulia na kufungia. Kibao kisipofunguliwa, viazi vyako vinakauka. Kikiachwa wazi mno, vya jirani yako ndivyo vinavyokauka. Kwa ajili ya maji, watu wa Ak-Terek walikuwa tayari kushikana mashati. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kuwa Kadirkul amempunja. Hilo walilikubali wote. Walichomnyima ni salamu.

Walimnyima kwa miaka mingi, tangu Begaim hajazaliwa, tangu mama yake hajazaliwa. Walikunywa maji aliyowaletea, wakala matofaa ya miti aliyoinywesha, na walipokutana naye njiani wakatazama upande wa pili. Watu wazima walinong'ona. Watoto, ambao hawajui kunong'ona, walipiga kelele.

Urmat, mvulana wa darasani kwao, ndiye aliyekuwa hodari. Kila Begaim alipopita, Urmat aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa, akalegeza magoti, akatetemesha midomo.

"Jamani msinipige! Nimejisalimisha! Mimi ni Kadirkul, nipeni supu!"

Wenzake walicheka mpaka wakashika matumbo. Begaim alipita huku masikio yanawaka moto. Kitu kimoja alikijua: babu yake alikwenda vitani, vita vile vikubwa vya Wajerumani, akarudi bila nishani hata moja. Babu yake Urmat, Mzee Tashbolot, alirudi na nishani za kujaza upande mzima wa koti. Hayo ndiyo aliyoyajua. Siku moja alijaribu kuuliza.

"Babu, huko vitani ulifanya nini?"

Babu aligeuza kikombe mkononi, akatazama dirishani. "Kunywa chai, mjukuu wangu. Inapoa."

Bibi Sonun akamkazia Begaim macho, na habari ikaishia hapo.

Ikafika Siku ya Ushindi, tarehe tisa Mei. Ile nchi kubwa iliyowatawala Wakirgizi na kupigana vita hivyo ilikuwa imekwisha kufa na kugawanyika, lakini sikukuu yake ilibaki. Uwanja wa shule ulifagiliwa, vipaza sauti vikafungwa juu ya miti, na viti vikapangwa mbele kwa ajili ya wazee waliopigana. Wasichana wote walitakiwa kufunga nywele kwa tepe nyeupe. Begaim alitoka nyumbani mbio, akazisahau zake juu ya meza.

Mwalimu Damira, aliyekuwa mgeni mjini, alikuwa akipanga wanafunzi mstari pale mtu alipotokea langoni. Koti lake lilikuwa kuukuu, buti zimejaa tope la mfereji, kofia nyeupe ya manyoya mkononi. Mkono wa pili ulikuwa umeshika tepe mbili nyeupe, umeziinua juu zisiguse koti zikachafuka.

Begaim alimwona.

Urmat naye alimwona. "We Begaim! Mikono-Juu wako kaja!" akanong'ona, na mstari mzima ukaanza kutikisika kwa kicheko.

Mwalimu Damira hakuelewa kinachochekwa. Alimtazama yule mzee, akatazama viti vya mbele. "Mzee huyu ni wa nani? Alipigana vita? Begaim, naona anakutazama wewe. Ni babu yako? Mlete basi akae mbele na wenzake."

Wote waligeuka kumtazama. Mzee Tashbolot, nishani zikimetameta kifuani, naye aligeuka. Begaim alitazama viatu vyake.

"Si wa kwetu, Mwalimu," alisema. "Ni mgawa maji tu."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini pale langoni palisikika. Babu Kadirkul alizitundika zile tepe kwenye uzio, polepole, moja baada ya nyingine.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Nimekosea shule."

Akavaa kofia yake, akaenda zake. Na Ak-Terek nzima ina shule moja tu.

Jioni ile Begaim aliingia nyumbani kama mwizi. Alingoja agombezwe. Angegombezwa angelia, na akilia angeomba radhi, na mambo yangekwisha. Lakini Babu alimmiminia chai kama siku zote, akamsogezea siagi. "Kula, mjukuu wangu. Wimbo wenu niliusikia mpaka kule mferejini. Mliimba vizuri." Begaim alimeza mkate bila kuutafuna. Alijiambia: kesho nitamwambia. Kesho ikaja, akajiambia hivyo hivyo.

Mwezi ule theluji iliyeyuka kwa fujo, maji ya mfereji mkubwa yakafurika usiku na mchana. Babu alisimama ndani ya maji ya barafu hadi magotini, akiziba huku na kufungua kule, mitaa isizame. Akashikwa na kifua. Daktari alipofika, alikunja vifaa vyake mapema mno. Mei haijaisha, asubuhi moja Begaim aliamka mwenyewe. Hapakuwa na mlio wa jembe.

Kwa Wakirgizi, mtu akifa husimamishwa uani hema la mviringo la manyoya ya kondoo, maiti ikalazwa ndani nyuma ya pazia. Wanawake wa nyumba huketi humo, nyuso zimeelekea ukutani, na kila mmoja huimba maombolezo yake. Si kilio cha hivi hivi. Ni maisha ya marehemu yanayosimuliwa kwa beti, nao wanaume husimama nje, wameegemea fimbo, wakisikiliza na kulia. Mtu wa Ak-Terek akitaka kujua marehemu alikuwa nani, husogea karibu na hema akatega sikio.

Watu walikuja. Kwa mazishi watu huja hata kwa yule wasiyemsalimu. Uani kulichemka sufuria za nyama, majirani wakakaanga maandazi kwa mabakuli. Ndani ya hema aliketi Bibi Sonun, na kando yake Bi Kumush, jirani wa miaka mingi, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyoweza kuvuka bonde. Bibi Sonun aliimba mpaka sauti ikamkauka.

"Begaim," alinong'ona, "imba sasa wewe. Babu yako alikupenda kuliko sisi sote."

Begaim aliyakumbuka maneno ya langoni. Si wa kwetu, Mwalimu. Ni mgawa maji tu. Angelipa vipi maneno yale? Akaona njia. Atamfanya Babu awe mkubwa, mkubwa kuliko Mzee Tashbolot mwenyewe, mpaka wote waliocheka waone haya. Alifumba macho, akatoa beti alizozisikia kwenye mazishi ya mashujaa wengine:

*Kipanga wa milimani,*
*Uliingia Berlini,*
*Nishani tele kotini,*
*Adui akawa chini!*

Nje, kilio cha wanaume kilikatika. Mtu mmoja alikohoa. Mwingine, kijana, akaguna kicheko akakimeza. Begaim alisikia fimbo zikisogezwa ardhini, na kisha ukimya mbaya kuliko matusi. Hakuna mtu mjini asiyejua kwamba Kadirkul hakuwa na nishani.

Maombolezo hayakatizwi. Lakini yanaweza kujibiwa. Bi Kumush alivuta pumzi, na sauti yake ikapasua hema:

*Hukuiona Berlini,*
*Ulikuwa kifungoni,*
*Ukatafuna majani,*
*Nyuma ya waya, porini!*

Begaim aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa ukuta wa manyoya. Alitamani ardhi ipasuke.

Jioni, wageni walipopungua, Bi Kumush alimvuta mkono akamketisha karibu ya pazia.

"Zile beti umezitoa wapi?"

"Nilizisikia, Bi Kumush. Kwa mazishi ya kanali mmoja."

"Basi umemvika babu yako koti la kanali. Kwa nini?"

Yote yakamtoka Begaim kwa pamoja: tepe nyeupe, lango la shule, maneno yale, ile chai. Alilia huku akisema, na Bibi Sonun alisikia kila neno. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa maana Bibi Sonun hakumgombeza. Alifunika uso kwa ncha ya kitambaa.

"Hivyo ulimkana shuleni," alisema Bi Kumush. "Na leo umemkana tena, safari hii kwa maneno matamu. Kule ulisema si wako. Hapa umeleta mtu mwingine, ukamlaza mahali pake. Sasa nisikilize, nikuambie ni nani aliyelala nyuma ya pazia hilo."

Akamwambia. Kadirkul alikwenda vitani akiwa kijana, amemwacha mkewe na mtoto mchanga, huyu Sonun. Walipelekwa ukingoni mwa mto, bunduki moja kwa watu wawili. Risasi zilipokwisha, wakubwa walipanda gari wakaondoka. Kadirkul alikuwa amepigwa risasi ya mguu. Angeweza kutambaa akajificha kwenye matete. Lakini mwenzao mmoja alikuwa amejeruhiwa tumboni, kijana wa Ak-Terek, hawezi hata kutambaa.

"Kijana huyo alikuwa kaka yangu," alisema Bi Kumush. "Babu yako alikaa naye. Wajerumani wakawakuta pamoja. Kaka yangu alikufa huko nyuma ya waya, kichwa chake kimelala mapajani mwa Kadirkul. Vita vilipokwisha, Kadirkul alirudi kwa miguu kutoka stesheni. Alipofika mjini hakwenda kwanza kwa mke wake. Alikuja kwetu. Alitaka mama yangu asikie kwa mtu aliyekuwapo."

"Kwa nini sasa watu walimchukia?"

Macho ya Bi Kumush yaliwaka. "Kwa sababu waliamriwa! Walikuja wakubwa wa ofisini na makoti yao ya ngozi, watu ambao risasi waliisikia redioni. Wakasema aliyetekwa ni msaliti, kwa nini hakujiua? Wao walikuwa wapi, wakati yeye anakula majani? Walikuwa wanakula nyama! Wakamchukua, wakampeleka machimbo ya makaa akasafishe kosa lake. Miaka ikapita, wale wa ofisini wakafa, nchi yao ikafa, amri yao ikafa. Lakini mji huu uliendelea kuitii. Unaona ajabu? Hakuna askari wala polisi anayewalazimisha, na bado wanaogopa kumsalimu mzee anayewaletea maji!"

"Mimi pia niliogopa," alisema Bibi Sonun taratibu. "Shuleni waliniita binti wa msaliti. Nikajifunza kunyamaza. Nikakuficha, Begaim. Usingejua cha kusema langoni pale, mimi sikukufundisha."

"Nilijua," alisema Begaim. "Nilijua ni babu yangu. Hilo lilitosha."

Bi Kumush alimpa kipande cha mkate. "Kesho anatolewa. Wataka kuimba tena?"

"Watanicheka."

"Huenda."

Begaim aliutazama mkate ule, hakuula. "Nitaimba," alisema.

Siku ya pili uani palijaa. Mzee Tashbolot alikuja na koti lake la nishani, na Urmat nyuma yake. Mwalimu Damira alisimama kando na wanawake. Kabla wanaume hawajaingia kumbeba marehemu, Begaim aligeukia ukuta. Sauti ilitoka nyembamba, ikatetemeka, ikaendelea:

*Ulifika shule yetu,*
*Mkononi tepe zetu,*
*Nikasema, si wa kwetu,*
*Nisamehe, babu yetu!*

*Kwenye vita vya mtoni*
*Hukumwacha majanini*
*Ndugu yako taabani;*
*Wakakutia wayani*
*Kisha kule machimboni!*

Ubeti wa pili ulimzidi mstari mmoja, hata hakujua umetoka wapi. Hakuimba kipanga wala Berlini. Aliimba mfereji, tope la buti, chai iliyomiminwa jioni ile. Aliimba watu waliokunywa maji yake bila kumsalimu, na akajitaja yeye mwenyewe wa kwanza. Aibu ilimjaa mpaka kooni, lakini aliona ajabu: kadiri alivyoitoa, ndivyo alivyopata pumzi.

Nje hakucheka mtu. Mwanamume mmoja alianza kulia, kilio kizito cha mtu asiyezoea. Kisha mwingine.

Maiti ilipotolewa na kuswaliwa, imamu aliwageukia watu akauliza, kama inavyoulizwa kila maziko: "Enyi watu, marehemu huyu alikuwa mtu gani?"

Jibu hujulikana. Watu husema kwa pamoja, "Alikuwa mtu mwema," hata kama hawakumjua, halafu wanaendelea na safari. Siku ile midomo ilifunguka, lakini neno halikutoka. Begaim, akichungulia penye mlango wa hema, aliwaona wakitazamana. Wangemwitaje mtu mwema leo, yule ambaye jana hawakumpa mkono?

Mzee Tashbolot alisonga mbele. Alikita fimbo yake chini, nishani zikagongana.

"Alikuwa askari," alisema.

Akawatazama watu.

"Nilijua tangu aliporudi. Mama wa yule kijana alinieleza mwenyewe. Mimi nilikuwa na nishani, ningesimama upande wake nisingefanywa kitu. Niliogopa zisije zikavuliwa. Nikanyamaza, na nikaacha wajukuu wangu wamcheke mbele yangu." Akageuka. "Urmat! Njoo ubebe jembe la mzee, utangulie nalo makaburini."

Urmat alikuja, uso mwekundu kama nyanya. Hakumtazama Begaim. Alilichukua jembe lililoegemea ukuta, akalishika kwa mikono yote miwili kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Alikuwa mtu mwema!" mtu akaita. "Alikuwa mtu wa haki!" mwingine akaitikia, na mwingine, mpaka ua mzima ukavuma.

Bi Kumush alisimama nyuma ya Begaim, mkono begani kwake. "Umeona?" alisema. "Walimwonea haya mtu asiye na la kuaibikia, na aibu yao wenyewe hawakuiona. Uongo wa kudharau ni uongo, na uongo wa kusifu ni uongo pia. Mtu wako mseme alivyokuwa, mjukuu wangu, na umseme angali hai, akusikie. Wewe umechelewa kidogo. Wengine hapa wamechelewa miaka hamsini."

"Babu hakunisikia," alisema Begaim.

"Hapana. Hakusikia. Hilo utakaa nalo. Litakufunza kutokungoja kesho."

Uani imamu alianza dua. Mzee Tashbolot aliinua mikono, viganja vikielekea mbinguni. Mwalimu Damira akainua yake. Urmat aliliegemeza jembe begani, akainua yake vilevile. Ikawa mikono yote ya Ak-Terek iko juu kwa ajili ya Kadirkul, na hakuna aliyekuwa akicheka.

Begaim alitoa mfukoni zile tepe mbili nyeupe alizozitoa uzioni siku ile, akazifunga kwenye nywele zake. Kisha naye akainua mikono.